Tiki ya Kijani

Rehema, fundi mwenzangu wa kompyuta, aliniomba niandike kurasa mbili za makabidhiano: nywila ziko wapi, seva inawashwaje, nani apigiwe simu umeme ukikatika. Hizo kurasa mbili nimeshaandika, zipo kwenye faili la bluu kabatini. Haya mengine nawaandikia nyinyi mtakaokalia kiti changu, kwa sababu kule kwenye faili nimejifanya mtu anayeelewa mambo. Ukweli ni kwamba miaka mingi ya kazi yangu niliipitisha nikiwa nimechanganyikiwa, na kuna siku moja kuchanganyikiwa kwangu kulimuumiza mtu.

Nimestaafu mwezi uliopita. Walinipa doti mbili za kanga na saa ya ukutani, ambayo sijui ni ya kunikumbusha nini mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Hotuba zilikuwa ndefu. Walisema mimi ndiye mama wa mfumo wa rufaa, na nilitazama chini, si kwa aibu ya kusifiwa.

Mimi ni Mshambaa wa Kwashemshi, milimani. Nilikuja Handeni nikiwa msichana, nikaajiriwa hospitalini kama mpokeaji wa redio koli, ile ya kuongea na zahanati za vijijini. Ndiyo maana hadi leo wazee wa mji huu hawalijui jina langu, wananiita Mama Redio, hata kabla sijazaa waliniita hivyo. Chumba cha redio kilikuwa nyuma ya stoo ya dawa, kidogo, kina dirisha moja na betri kubwa ya gari chini ya meza. Fundi wake alikuwa mzee Mhina kutoka Korogwe, mtu mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwaka, na bisibisi tatu mfuko wa kifuani kama daktari mwenye kalamu.

Siku yangu ya kwanza zahanati moja iliita. Nikabonyeza, nikauliza hapohapo, "Mna mgonjwa gani, ova." Mzee Mhina alininyang'anya kile kipaza sauti taratibu, akabonyeza mwenyewe.

"Za asubuhi huko, ova."

"Njema, mzee, shikamoo, ova."

"Marahaba. Watoto hawajambo? Ova."

"Hawajambo. Huku mvua imenyesha, ova."

Wakaenda hivyo, mvua, mahindi, bibi wa nani anaumwa miguu, ndipo yule wa zahanati akasema ana mtoto mwenye degedege na anaomba gari. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya miba. Walipomaliza nikamwuliza mzee Mhina kwa nini anachezea betri kwa maneno ya barazani.

"Binti," alinijibu, "hapo ulikuwa unaona nasalimia tu? Nilikuwa napima laini. Sauti ikikatika kwenye salamu, najua kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Na yeye akisikia nimemwitikia, anajua yuko na mtu. Mtu hasemi jambo zito mpaka ajue anasikilizwa."

Nilidhani anajitetea. Lakini nilizoea, na kwa miaka yote ya redio sikuwahi kuona zahanati hata moja, ya Waislamu au ya Wakristo, ya bondeni au ya mlimani, ikianza na mgonjwa. Hata damu ikimwagika, salamu zilikuwepo, ila zilifupishwa. Mimi mwenyewe nikawa bingwa. Nilijua nani ana mkwe mkorofi na nani anajenga.

Kisha zikaja simu za mkononi, redio ikafungwa kwenye boksi, na mimi nikapelekwa kusoma kompyuta kwa sababu, kama alivyosema mganga mkuu wa wakati ule, "huyu ameshazoea nyaya." Nilikuwa mtu mzima tayari, nimevaa miwani, nimekaa darasani na watoto waliokuwa wakiandika bila kutazama vidole. Lugha ya kwanza niliyofundishwa kuandikia programu ni Python. Nikaishika hiyo, nikaamua inanitosha. Sikujua kwamba wenzangu wa fani hii wana tabia ya kila mmoja kuja na lugha yake, halafu wanataka zote zikae meza moja.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ubao wa rufaa. Wazo lilikuwa rahisi. Zahanati ikiwa na mama mjamzito mwenye shida, nesi abonyeze kitufe kwenye kompyuta mpakato, na papo hapo kengele ilie wodi ya wazazi na chumba cha madereva, jina la mgonjwa litokee kwenye kioo kikubwa ukutani. Ukurasa wa kawaida wa mtandao ni kama mteja dukani: anauliza, anajibiwa, anaondoka. Sisi tulitaka laini ibaki wazi muda wote, ili wodi isiwe ya kuuliza, iwe ya kuambiwa.

Programu ya zahanati niliiandika mimi kwa Python. Ubao na seva aliviandika Rehema kwa JavaScript, akiwa Korogwe. Rehema ni umri wa binti yangu, anaongea haraka na anakula karanga kazini, herufi za kibodi yake zimejaa maganda. Cha tatu kilikuwa mfumo wa kadi za wagonjwa, ulioandikwa kwa PHP na mtu ambaye hospitali ilishapoteza namba yake ya simu. PHP ya namna ile huamka ikiulizwa, ikishajibu inalala, haiwezi kukaa imeshika laini. Tukaiwekea sanduku katikati, yenyewe inaacha ujumbe humo inarudi kulala, na seva ya Rehema inapita kuuchukua. Hilo sanduku lipo hadi leo, msiliguse.

Kuziunganisha hizo lugha tulitumia maktaba. Si ya vitabu. Ni kazi ambayo mtu mwingine, yuko nchi usiyoijua, ameshaiandika, wewe unaichukua unaiunga na ya kwako. Rehema alichukua maktaba ya mawasiliano ya papo hapo ya JavaScript, mimi nikachukua ndugu yake wa Python. Kwenye maelezo waliandika kwamba zinaelewana. Siku tisa nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta. Programu yangu inapiga hodi, seva inafungua, halafu kimya. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha laini ya intaneti. Nilibadilisha kiti, kusema kweli, nikidhani pengine ni mgongo unaonizuia kufikiri. Siku ya kumi Rehema akaniuliza maktaba yangu ni toleo gani.

"Mama, hiyo ya zamani. Inaanza mazungumzo kwa mtindo ambao ya kwangu imeshauacha."

"Sasa kwa nini isiseme kwamba hainielewi?"

"Nyingine zinasema," alinijibu akitafuna. "Nyingine zinakunyamazia tu."

Hilo la kunyamazia liandikeni mahali. Kwenye maktaba ile kila ujumbe una jina lake, na upande wa pili mtu anatega sikio kwa jina hilo. Sisi tulikuwa na majina matatu: rufaa, gari, damu. Ujumbe ukitumwa bila kupewa jina, maktaba inaupa jina lake la jumla, unafika kwenye seva salama kabisa, na kama hakuna sikio lililotegwa kwa jina hilo, basi. Hakuna kosa linaloandikwa. Hakuna taa nyekundu. Ujumbe umefika na haupo.

Wakati wa majaribio nilijiwekea kisanduku cha kuandika chini ya kitufe chekundu. Nilikuwa naandika "moja mbili tatu", Rehema anauona kule Korogwe, tunajua laini ni nzima. Ukishatuma, tiki ya kijani inatokea pembeni. Tiki hiyo niliiandika mimi, na niliiandika itokee ujumbe ukitoka kwenye mashine, si ukipokelewa. Nilijua tofauti. Niliona itatosha kwa majaribio. Tulipokaribia kuanza, Rehema akafuta sikio la majaribio upande wake, akanipigia, "Mama, ondoa na wewe kile kisanduku." Nikamwambia nitaondoa.

Manesi wa zahanati tuliwafundisha siku moja, ukumbini pale Chanika, hapa hapa Handeni. Niliwaonyesha kitufe chekundu. "Ukibonyeza hiki, kengele inalia wodi nzima, wakubwa wote wanainuka." Wakacheka kwa woga. Nesi mmoja, Mwajuma, wa zahanati moja upande wa Sindeni, msichana mpole wa Kizigua anayeongea akiwa ameinamisha kichwa, akanyoosha mkono.

"Na hapa chini, mama?"

"Hapo ni pa kuandika ujumbe," nilisema, na tukaenda chai, kwa sababu maandazi yalikuwa yamefika.

Ubao ulianza kazi na ulifanya kazi. Wageni walikuja kuupiga picha. Lakini madereva walikuwa na neno lao, kwamba rufaa za ubao zinawafikia zimechelewa, wakifika zahanati wanakuta mgonjwa ameshakaa anasubiri muda mrefu. Nilitazama kumbukumbu: kitufe kimebonyezwa, kengele imelia sekunde hiyohiyo. Sikuelewa. Nikadhani ni milima inayokata mtandao. Nikadhani ni maktaba inayohifadhi ujumbe laini ikikatika na kuutuma ikirudi. Nikapandisha toleo, nikashusha toleo. Nilikuwa natafuta kosa ndani ya mashine kwa miezi, na kila nilipopima, mashine ilikuwa nzima. Mara mbili nilimlaumu Rehema kwa makosa ambayo hayakuwepo, na mara zote mbili alinitumia karanga.

Kisha ikaja ile Jumatatu. Zahanati ya Mwajuma ilikuwa na mama anaitwa Zaina, mimba ya kwanza, uchungu umesimama. Kadi yake iliandikwa asubuhi saa tatu na dakika kumi kwamba apewe rufaa. Kengele ya wodi ililia saa nne kasoro dakika tano. Gari likaenda, likarudi. Zaina alipona. Mtoto alizaliwa amekufa.

Kukawa na kikao ofisini kwa mganga mkuu. Swali lilikuwa moja: zile dakika arobaini na tano zilikwenda wapi? Mwajuma alisimama na kitambaa cha mkononi akikisokota.

"Nilituma mapema," alisema. "Tiki ilikuja. Nikajua gari lipo njiani. Nilipoona halifiki ndipo nikabonyeza kengele."

"Na simu?" mganga mkuu alimwuliza.

"Tuliambiwa simu basi, kila kitu kipite kwenye mfumo ili kiandikwe."

Wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa na karatasi nilizochapa kutoka kwenye jedwali la rufaa, na jedwali halikuwa na ombi lolote kabla ya saa nne kasoro tano. Nilishachoka kuambiwa mfumo wangu unachelewesha. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba safari hii ushahidi ulikuwa upande wa mashine.

"Kwenye kumbukumbu hakuna, mwanangu," nilimwambia.

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Hakubisha. Kwao mtu habishani na mtu wa umri wangu mbele za watu. Na mimi, katika maswali yote niliyojifunza kuuliza mashine, sikumwuliza yeye swali dogo kuliko yote: ulibonyeza wapi?

Alipewa barua ya onyo, akaondolewa kuzalisha, akawekwa dirishani kuandika kadi. Taarifa iliyosema nesi alichelewa ilikuwa na sahihi yangu. Ikafika kijijini kabla ya yeye mwenyewe. Nilisikia kwamba akina mama walianza kumpita dirishani wakiwa wamefunika watoto wao kanga usoni, na kwamba Zaina mwenyewe akimwona njiani hugeuza. Nilisema moyoni pole yake, nikarudi kwenye matoleo yangu ya maktaba.

Ulipita mwaka na zaidi. Nikiwa nimebakiza wiki sita kustaafu, Rehema alinipigia kwamba diski ya seva inajaa. Seva yake, mbali na jedwali la rufaa, ilikuwa na faili jingine ghafi linaloandika kila kinachopita kwenye laini, kila pumzi ya maktaba, kitu ambacho hakuna anayekisoma. Alitaka kulifuta. Akaniuliza kama nataka kulipitia kwanza kwa ajili ya makabidhiano. Nikasema nitalipitia, mstaafu mtarajiwa ana kazi gani nyingine.

Nilikuwa nakunywa chai ya saa nne nilipoona mstari wa kwanza. Ulikuwa ujumbe wa lile jina la jumla, kutoka zahanati moja. Umeandikwa: *Shikamoo dada, za wodini?* Nikadhani ni majaribio yetu ya zamani. Nikatazama tarehe, si ya majaribio. Nikashuka. *Asalaam aleikum, poleni na kazi.* Nikashuka tena. *Bwana asifiwe, mama, mmeamkaje huko?* Kuna mmoja wa milimani, sijui alijikuta vipi kwenye zamu huku kwetu, aliandika kwa Kishambaa cha nyumbani, *Onga makeo*, yaani za asubuhi. Zilikuwa nyingi, kutoka kila zahanati tuliyoifundisha, miezi na miezi ya salamu, na chini ya kila moja, baada ya dakika tano, kumi, kumi na tano, ndipo linakuja lile jina lenye sikio: rufaa. Kengele.

Nilivua miwani nikaifuta. Kwa muda mrefu sikuelewa ninachokiona. Nilidhani virusi. Nilidhani kuna mtu anatuchezea. Kisha nikasikia ndani ya kichwa changu jinsi asubuhi za redio zilivyokuwa, na chai ikanipalia.

Nani kwao anabonyeza kengele ya kuinua wakubwa wodi nzima bila kuwasalimu kwanza? Nilikuwa nimewaonyesha kitufe cha kengele na chini yake mahali pa kuandika, nikawaambia kwa kinywa changu ni pa kuandika ujumbe. Waliandika. Tiki ya kijani ikawaambia imefika. Wakasubiri kuitikiwa, kama tulivyosubiri sisi wote miaka yote, na walipoona kimya wakadhani wakubwa wa hospitali wamekuwa na majivuno, ndipo wakabonyeza kengele kwa kinyongo. Watu wote duniani wangeweza kulisahau hilo. Mimi nilikaa kwenye chumba cha redio na mzee Mhina!

Sikuwa na ujasiri wa kwenda moja kwa moja kwenye ile Jumatatu. Nilikwenda jikoni kwa wapishi, nikaosha kikombe changu, nikakiosha tena. Niliporudi nikatafuta tarehe. Ulikuwepo. Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, kutoka zahanati ya Mwajuma, mistari minne. Yeye hakuishia kwenye salamu. Alikuwa ameandika shida yote humo humo. Nikauchapa, nikaukunja, nikaweka kwenye mkoba, na siku ile sikufanya kazi nyingine.

Rehema nilimwambia kwa simu. Akasema, "Mama, hata mimi nilifuta sikio bila kuangalia kama umetoa kisanduku." Nikamwambia aache, alinikumbusha na nikasema nitaondoa. Siku hiyohiyo tukatega sikio kwa lile jina la jumla, na tiki tukaihamisha: sasa haitokei mpaka mtu wa wodini aguse kioo. Msije mkaihamisha tena ili ionekane ya haraka.

Pale ofisini, mwenzangu mmoja wa takwimu alifunga mlango. "Mama Redio, umebakiza wiki sita. Programu umeshatengeneza. Unajichomea nini?" Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Niliandika ukurasa mmoja na nusu kwa mganga mkuu, kwamba taarifa yangu ya mwaka ule si sahihi, ombi lilitumwa saa tatu na dakika kumi na mbili, likafika kwenye seva, na kosa la kutomfikia mtu ni langu. Alisoma mbele yangu. Hakunifokea, na nilitamani anifokee. Barua ya onyo ikafutwa, Mwajuma akarudishiwa wodi yake ndogo ya kuzalishia.

Nilikwenda kumwona mwenyewe kabla habari hazijamfikia. Sikutaka asikie kwa barua. Alikuwa dirishani bado, foleni ikiwa fupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulituma. Nimeuona."

Alishika ukingo wa dirisha. Nilimweleza yote, kisanduku, tiki, sikio, na maandazi nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea alie au anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili njiani.

"Kwa hiyo sikukosea," alisema. "Maana hata mimi nilianza kudhani sikutuma. Nilikuwa najiuliza kila siku, labda nilisinzia, labda ile tiki niliiota."

"Hukukosea. Nisamehe."

"Zaina umemwambia?"

Nilikuwa nimerekebisha programu, faili na barua. Zaina hakuwa kwenye faili lolote lililokuwa mezani kwangu.

"Bado," nilimjibu.

"Basi twende," Mwajuma alisema, akafunga dirisha la kadi, na wale watu watatu wa foleni hakuwaambia kitu.

Nyumbani kwa Zaina si mbali na zahanati. Tulimkuta nje amekaa mkekani anapukuchua mahindi. Aliniitikia salamu mimi peke yangu, akaniletea kigoda, na Mwajuma akakitwaa kingine mwenyewe pale ukutani. Zaina hakumtazama. Nikaanza kueleza, na nikaeleza vibaya kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote. Nilisema habari za Python na JavaScript, za maktaba mbili, za jina la jumla. Mikono yake ikaendelea na mahindi.

"Mama, mimi hayo siyaelewi," alisema mwishoni.

"Hata mimi sikuyaelewa," nilimwambia. "Dada Mwajuma aliomba gari mapema. Ombi likafika kwenye mashine yangu, na mashine yangu haikumwambia mtu. Yeye hakuchelewa. Ni mimi."

Gunzi likabaki mkononi mwake.

"Aliomba vipi?"

"Aliandika. Ninayo karatasi."

"Nisomee."

Nilitoa karatasi mkobani. Ilikuwa imeshalegea kwenye mikunjo. Nikavaa miwani, nikasoma kama ilivyo, bila kuruka.

"*Shikamoo dada, poleni na kazi. Nina mama hapa anaitwa Zaina, mimba ya kwanza, ana uchungu tangu alfajiri na njia imesimama. Mapigo ya mtoto nimeyasikia sasa hivi, ni mazuri, naomba gari lije upesi. Zaina ni mwoga kidogo, akifika kwenu naomba mtu amshike mkono.*"

Kuku alipita kwenye mahindi na hakuna aliyemfukuza. Zaina alimgeukia Mwajuma, mara ya kwanza tangu tufike.

"Uliandika na hilo la mkono?"

"Niliandika."

"Hakuna aliyenishika," Zaina alisema.

Mwajuma aliinuka kwenye kigoda, akaenda kukaa naye mkekani, akamshika. Mimi nilibaki pale na karatasi yangu, sijui niikunje au nisome tena kutoka juu.